Siku Kaku Alipoulizwa Kwao ni Wapi

Mpaka leo nikikumbuka, mdomo unabaki wazi. Watu hudhani kwamba kilichonishtua miaka ile, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi yake peke yake, ni bunduki zilizojaa mjini. Wapi! Bunduki nilizizoea, Mungu anisamehe. Kilichonitia butwaa ni mwanamke mzee aliyekaa juu ya gunia, nyanya yangu mzaa baba. Sisi tulimwita Kaku, kama watu wa jimbo la Kasai wanavyoita nyanya zao.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi. Baba alikuwa karani wa reli, na alizaliwa hapo hapo mjini, wakati wazungu bado wanauita mji kwa jina la malkia wao. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa jicho moja. Lakini ungemuuliza mtu yeyote wa nyumbani mwetu kwao ni wapi, angekutajia Kasai, na kijiji, na mto, na jina la babu wa babu yake. Kaku ndiye aliyetufundisha. Bukari, ndiyo ugali wetu, ikishaiva, kabla hatujatia mkono, kila mtoto alitaja kwao. Ole wako useme Kamalondo. Mwiko ulitua kichwani ukiwa bado na bukari ya moto, na nywele zikanata mpaka kesho yake. Nimepigwa mwiko ule mara nyingi kuliko wenzangu, maana nilikuwa mbishi.

Kisha watu wa Katanga wakaanza kutufukuza sisi watu wa Kasai, eti si wenyeji. Vijana tuliowajua walipita usiku wakigonga milango na kutaja majina yetu. Asubuhi moja tulibeba tulichoweza kubeba, tukakimbilia kambini nje ya mji, kwenye vibanda vya magunia na maboksi, tukilindwa na askari wa kigeni wenye kofia za bluu. Mvua ilikuwa imeanza. Matope yalitufika kwenye vifundo, na choo kilikuwa aibu tupu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijua Kiingereza. Nilikuwa nimekaa Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yangu, nikasoma huko. Mwalimu wetu alitusumbua sana na maneno mawili, house na home. House, alisema, ni kuta na bati. Akifika kwenye home anaweka mkono kifuani, anakohoa, anakosa la kusema. Sisi tulimwona anatupotezea muda bure. Nyumba ni nyumba, na kwetu ni kwetu. Nani asiyejua hilo? Sikudhani hata kidogo kwamba maneno hayo mawili yangekuja kuigawa familia yangu.

Askari wale hawakujua Kiswahili, na Kifaransa chao kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo wakanifanya mkalimani. Siku moja akaja ofisa kijana, pua yake imebabuka kwa jua, akaeleza kwamba treni za kwenda Kasai zinatayarishwa. Mwenye kwao huko atapelekwa. Asiye na kwao huko atabaki kambini mpaka mji utulie, na ni lini, hata yeye hajui. Kila mtu mzima ajibu mwenyewe. Kwanza alikuwa anauliza house iko wapi, halafu home ni wapi, na mimi naeleza kwa Kiswahili tofauti yake bila kukosea.

Baba alijibu upesi, kifua mbele. Nyumba yake Kamalondo, kwao Kasai. Nilimnong'oneza, Baba, Kasai tunamjua nani? Akanikata jicho. Sasa mwanamume angesimamaje mbele ya mgeni aseme baba yake hakutoka popote? Mama alijibu kama mume wake, ndiyo desturi. Nikajua tumekwisha, tunakwenda.

Ikafika zamu ya Kaku. Kusema kweli sikumsikiliza hata, Kiingereza cha jibu lake nilikuwa nimeshakitayarisha mdomoni.

"Nyumba iko Kamalondo," Kaku alisema. "Na kwetu iko Kamalondo."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Baba alicheka kidogo, cheko la aibu, akasema mama yake amechoka, ni homa ya kambi. Kisha akanigeukia, sauti chini.

"Umuambie amesema Kasai."

Ofisa alikuwa anasubiri, anatuangalia mmoja mmoja. Hakuelewa kitu.

"Utafsiri vile nimesema," Kaku akaniambia. "Kule nilitoka mutoto, nilikuja na miguu, reli haikuwa. Bwana yangu analala mu udongo ya hapa, na batoto yangu batatu. Mwenye anataka kwenda, aende."

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza, na mwiko ule wote ulikuwa wa nini? Akaniangalia kama ninavyotazamwa nikiunguza mboga. Akasema alitufundisha tulikotoka ili tusiwe watu wa kuokotwa. Kurudi, nani alisema turudi?

Nikamgeukia ofisa nikamwambia kwa Kiingereza kwamba home ya mama huyu ni Kamalondo. Baba hakunipiga. Alitoka akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya ukarani, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Kwetu mtoto wa kiume hamwachi mama yake. Lakini pia hawezi kulimeza jina la baba zake akishalitamka mbele ya watu. Baba alibeba mambo hayo mawili mpaka siku ya treni, akakonda mbele ya macho yetu. Siku hiyo alipiga magoti, Kaku akampaka chokaa nyeupe kwenye paji la uso, akambariki. Hakumwomba abaki. Baba alilia kwa sauti, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani. Akamchukua mama na wadogo zangu, akaniacha mimi nimtekee Kaku maji.

Vita vilipokwisha na bendera ya Katanga kushushwa, tulirudi Kamalondo. Mlango wetu ulifunguliwa na mwanamke nisiyemjua, mtoto mgongoni, sufuria yetu mkononi. Nilitaka kumrarua, haki ya Mungu. Kaku akamsalimia, akamwambia mlango ule hukwama wakati wa mvua, auvute juu kidogo. Kisha akavuka barabara kwenda kutafuta chumba cha kupanga. Nilimfokea njia nzima, nikamwita mpumbavu, mimi, mjukuu wake. Alisema wachukue nyumba, na kwamba ana njaa.

Tuliishi katika chumba hicho hadi alipofariki, na Jumapili alikuwa anakwenda makaburini na jembe lake kupalilia. Baba hakurudi. Walimpa kiwanja katika kile kijiji alichokitaja utoto wake wote, akajenga, akazeeka hapo. Watu wanaotoka huko wanatuambia kwamba mpaka anakufa walimwita Mkatanga, na wajukuu wake wanaitwa hivyo hivyo.