Aliyemimina Petroli Kwenye Dumu Langu

Njiti ilikuwa bado haijafika kwenye utambi. Nalisema hilo kabla ya yote, kwa sababu hapa mtaani Magomeni wanasema vingine. Niliwasha kiberiti, nikainama, na mkono wangu ukiwa bado juu ya jiko hewa yenyewe ikashika. Haikupiga mlio wa kupasuka kama wanavyosimulia. Ilikuwa kama mtu kakung'uta shuka, fwaa, uani pote pakawa peupe, na mimi nikawa ndani ya huo weupe. Niliona mkono wangu wa kulia unawaka nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu kanga ikashika kifuani, hapo ndipo nikajua ni mimi.

Watu wakapiga kelele, maji, maji! Mmoja akamwaga ndoo nzima, moto ukaelea juu ya maji ukaja kunifuata miguuni. Aliyeniokoa ni jirani yangu wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Moshi. Alikuwa anafua. Akavuta blanketi likiwa linachuruzika kutoka kwenye beseni, akanirukia nalo, akaniangusha chini, akanilalia.

"Tulia, dada. Usivute pumzi. Tulia hivyohivyo."

Mume wangu alikuwepo. Na alikimbia kweli, simsingizii. Alikimbilia tanki la pikipiki lililokuwa pembeni ya ukuta, akalikumbatia, akatoka nalo mbio hadi barabarani. Mpaka leo anasema lile tanki lingeshika tungekufa nyumba nzima. Inawezekana. Mimi nilichokiona kabla blanketi halijanifunika macho ni mgongo wake.

Sasa nirudi nyuma, nieleze pikipiki ilifikaje kwangu.

Mume wangu ni mtu wa stoo kwenye duka la jumla Kariakoo, la vyombo vya plastiki. Nyuma ya stoo hiyo, chini ya ngazi, kulikuwa na pikipiki ya zamani iliyotupwa miaka mingi, imefunikwa maboksi, panya wamezalia kwenye kiti. Tajiri akamwambia, kama unaitaka ondoa, inanibania nafasi. Basi akaisukuma kwa miguu kutoka Kariakoo, akashuka nayo Jangwani matairi yakiwa hayana upepo hata kidogo, akaingia nayo hapa jasho linamtiririka na meno yote nje, utadhani kaleta bibi harusi.

Nikamwuliza, "Hiyo maiti unaizika wapi?"

"Maiti? Hii ni mashine ya Mjapani, mke wangu. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Angeipeleka gereji kama watu wengine, leo mimi nina ngozi yangu. Lakini waume zetu wanawaogopa mafundi kuliko wezi. Wote wanalijua hili: ukimwachia fundi pikipiki yenye vifaa orijino ukaenda kunywa chai, ukirudi umewekewa vya bandia na vyako vimeshauzwa. Kwa hiyo mwenye mali anakaa juu ya kopo kutwa nzima anamlinda fundi, au anamleta fundi nyumbani. Wangu akamleta nyumbani. Fundi huyo ni rafiki yake tangu ujana, ana kijiwe chake Msimbazi, na yeye ndiye aliyemtia maneno.

"Shemeji, hii injini ukiipeleka gereji inaingia simba inatoka kuku," akaniambia. "Hapa hapa uani kwako, mbele ya macho yako. Si ndiyo usalama?"

Usalama. Sikiliza neno hilo.

Tunakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi, korido katikati, ua mmoja, choo kimoja, jiko la kila mtu hapohapo uani. Injini ikafunguliwa kwenye gunia sebuleni kwangu. Kabureta ikalala kwenye bakuli. Tanki mchana lilishinda uani wakilisugua, usiku, kwa kuogopa wezi, likawekwa uvunguni mwa kitanda ninachokilalia mimi. Nililala juu ya tanki lenye harufu ya petroli na sikuwa na raha hata siku moja. Mwenzangu anakoroma, mimi nahesabu nani ndani ya nyumba hii anavuta sigara, nani anawasha udi, nani ana mshumaa. Mtoto wa jirani akipita na kiberiti alichotumwa, moyo wangu unakwenda naye mpaka mwisho wa korido.

Nilisema. Asije mtu akasema sikusema.

"Baba, hiki kitu kitatuua."

"Unaogopa chuma?"

"Siogopi chuma. Naogopa kinachonuka."

Fundi akacheka, akiwa kachutama anasugua kutu kwa msasa. "Shemeji, ukiona petroli inanuka ujue ni nzima. Isiyonuka ndiyo uiogope."

Wakacheka wote wawili. Nikarudi kwenye unga wangu. Mimi nimeishia darasa la nne, nani atanisikiliza mambo ya mashine.

Kazi yangu ilikuwa chapati za jioni. Napikia mkaa, ila masika mkaa unalowa, basi nawasha jiko la mafuta, lile la tambi. Mafuta ya taa naweka kwenye dumu la njano, pembeni ya ukuta wa bafu. Nyumba nzima inalijua dumu hilo ni la mama chapati. Siku ile mvua ilinyesha asubuhi, mkaa ukawa tope. Alasiri nikachukua dumu, nikajaza jiko likiwa la baridi, limekaa hata siku kadhaa bila kuguswa. Nikalifunga vizuri. Nikaweka dumu mahali pake. Nikanawa mikono, nikafuta, ndipo nikachukua kiberiti.

Mtu ataniuliza, hukusikia harufu? Ningeisikiaje? Wiki zote hizo nyumba yangu, mto wangu, nywele za mume wangu, vyote vilikuwa petroli. Pua yangu ilishakufa. Hilo nalo walinifanyia wao.

Nilikaa wodini muda mrefu. Sitaeleza habari ya kubadilishwa bandeji, anayeijua anaijua. Nilipotoka nilikuta mambo mawili. La kwanza, pikipiki imekwisha. Nilipokuwa nalia kule, huku walikuwa wanapaka rangi. Nyekundu, inang'aa, unaweza kujitazama kwenye tanki lake, na mimi nilijitazama, nikaona shingo yangu ilivyo.

La pili, nilikuta habari yangu imeshafika kabla yangu. Mtaa mzima unajua nilijaza mafuta kwenye jiko linalowaka. Ndivyo mume wangu alivyowaambia manesi, ndivyo alivyomwambia mjumbe wa mtaa, na mjumbe kawaambia watu kwa nia njema, wajifunze. Wanawake wanawafundisha binti zao kwa mfano wangu: msije mkafanya kama yule. Wateja wangu wanapita upande wa pili, wananipa pole kwa mbali. Nani ale chapati za mtu asiyejua hata kuwasha jiko?

Nikauliza dumu langu liko wapi. Mume wangu akajibu liliungua.

Jirani yangu wa Moshi alisubiri atoke, akaja kukaa karibu nami. "Dada, dumu halikuungua. Lilikuwa ukutani kule, zima. Nilimwona mumeo akilibeba wakati wewe bado unapakiwa kwenye gari la kukupeleka hospitali."

"Alilipeleka wapi?"

"Sijui. Ila alilibeba kama mtu anayebeba kitu cha aibu."

Tangu hapo nikaanza kuogopa kitu kingine tofauti na moto.

Halafu ikaja siku ya kabureta. Pikipiki ilianza kukohoa, fundi akaitwa. Mimi nimekaa mlangoni, mbali, maana siku hizi nikisikia petroli mwili wote unakaza. Fundi akaosha kabureta kwenye karai kwa petroli, kama alivyoiosha mara zote. Alipomaliza akachukua kitambaa, akakitandaza juu ya mdomo wa dumu lililokuwa karibu yake, dumu la mtu, sijui la nani, akainua karai akaanza kumimina machafu yale yajichuje. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, kama mimi ninavyogeuza chapati.

"Hiyo unafanya nini?" nikamwuliza.

"Mafuta hayatupwi, shemeji, haya bado yana..."

Hakumalizia. Aliinua macho akaniona shingo. Karai likabaki hewani, petroli inadondoka miguuni kwake. Nikamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama chini, na hakuwa na mshangao wowote usoni. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

Fundi alipoondoka nikamwuliza. Akasema, "Yameshapita, mke wangu. Jamaa ana watoto. Hakukusudia."

"Na mimi nilikusudia?"

Akatoka, akapiga kiki pikipiki yake, akaondoka nayo.

Sasa nasema. Fundi wa Msimbazi, wewe ndiye uliyerudisha petroli ya kuoshea kwenye dumu langu la mafuta ya taa. Mume wangu, wewe ulijua, ukalificha dumu, ukanitwika mimi. Mpaka leo siwezi kuwasha kiberiti. Jirani ndiye anayeniwashia jiko, nami nasimama barabarani mpaka aniite. Pikipiki yenu inalala kwenye korido, tanki limejaa, mbele ya mlango tunaotokea wote.

Pole zenu sizitaki. Jumapili mjumbe anapokusanya watu, njooni nyote wawili msimame pale, mbele ya wale mliowadanganya, mseme kwa midomo yenu: jiko lilikuwa la baridi, mama huyu hakukosea, petroli tuliimimina sisi. Nitakaa mstari wa mbele, shingo wazi, bila mtandio. Msipokuja nitasimama mimi, niwaulize mbele ya watu: nani alimimina, na nani alinyamaza? Na hamtaondoka mpaka mjibu.