Tumbo Walilolisema

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, vita vya Wazungu vimekwisha juzi, na wenzangu wote wa mtaani kwetu Kuze walikuwa wameshavunja ungo. Mimi bado. Ila kila mwezi ukiandama, chini ya kitovu pakinikata siku tatu, nikijikunja kitandani nimeuma leso. Shangazi, aliyenilea baada ya mamangu kufa, akininywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, na kuniambia nivumilie, wanawake wameumbiwa maumivu. Maumivu ya nini, na huo uanawake wenyewe sijauona?

Kisha tumbo likaanza kufura. Shangazi akalipapasa mara moja tu, akajipiga kifua. "Yallah! Umetuvua nguo!" Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua nina mimba. Ikakatwa shauri Ijumaa ya pili niolewe na mwenye duka mmoja, mzee kumshinda babangu, aliyekubali kunisitiri. Ebo! Kunisitiri na nini?

"Siolewi ng'o," nikasema. Shangazi akanipiga kofi. Nikasema tena.

Aliyenisikiliza ni somo yangu, mwanamke aliyechaguliwa tangu utotoni mwangu aje anifunde siku nitakapovunja ungo. Kazi yake ilikuwa haijaanza, ati. Nikamweleza zile siku tatu za kila mwezi. "Mimba gani hii ya kufuata mwezi?" akauliza. Akanivika buibui lake la pili, tukatokea mlango wa uani mpaka hospitali.

Daktari, mama wa Kihindi asiyecheka, akanipima, akasema nilizaliwa njia yangu ya uzazi imezibwa na ngozi. Damu ilikuwa ikija kila mwezi kama ya wenzangu, ikakosa pa kutokea, ikajaa tumboni. Akaipasua ile ngozi. Ilipotoka damu, nyeusi, nililia kwa raha, wallahi. Aibu sikuiona.

Niliporudi, somo alikuwa ameshapeleka habari, na shangazi keshaalika wanawake waje kula kwa furaha ya ungo wangu, kana kwamba hapakupita neno. Mwari hasemi mbele ya watu wazima. Mimi nikasimama katikati yao.

"Damu mnayoifurahia ndiyo iliyokuwa ikiniua," nikasema, "nanyi mkinichagulia mume."

Shangazi akaweka chini sinia la halwa. "Mwanangu, niwie radhi."

"Bado panauma, shangazi," nikamwambia. "Pakipona nitakujibu."