Kamyoneti Iliyoshushwa kwa Ajili ya Mkwe

Raphaël wa Kasongo alikuwa na kamyoneti moja kuukuu, aliyoinunua mwaka wa hamsini na nne kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa mchele. Yule Mgiriki alikuwa ameiongezea mabamba ya springi ili ibebe magunia bila kuchuchumaa, kwa hiyo ilisimama juu juu kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Watu waliicheka. Raphaël hakujali, barabara ya Kabambare ilikuwa mashimo matupu, na gari refu lilimfaa.

Alianza kujali siku mguu wa mkwewe, Mama Anastasie, ulipovimba kwa jipu. Mama huyu alikaa Kabambare, na mwuguzi wa zahanati ya huko alisema wazi kwamba lile jipu lipasuliwe Kasongo kabla ya wiki kwisha, la sivyo sumu itapanda mwilini. Raphaël akaenda kumchukua pamoja na mke wake, Marcelline. Shida ikawa kupanda garini.

Kwao mwanamume hamgusi mama wa mke wake, wala hamkazii macho, wala hazungumzi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Basi Raphaël akasimama kando na mikono yake miwili yenye nguvu, na mikono hiyo haikuwa na kazi. Marcelline alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuweza kumnyanyua mtu. Wakaleta sanduku la sabuni mama akanyage. Likapinduka, akaanguka nalo. Vijana wa jirani walipokuja kumbeba, aliwafukuza kwa fimbo.

“Mimi siko mufuko wa pamba,” akasema. “Muniache nikufie ku nyumba yangu.”

Jioni ile alianza kugawa vitu vyake. Sufuria kwa huyu, kitenge kwa yule. Marcelline alilia mpaka sauti ikakauka, na Raphaël aliona haya, kwa sababu mama wa mke wake alikuwa anakufa kwa urefu wa gari lake.

Hata hivyo aliona jambo moja: kizingiti cha nyumba mama alikivuka mwenyewe, polepole, bila kushikwa. Akamwomba Marcelline akate utete wenye urefu wa kizingiti kile. Akaulinganisha na kikanyagio cha mlango wa gari. Kikanyagio kilizidi kwa shubiri nzima.

Akaenda na utete wake mpaka kwa Yakubu, mhunzi wa Kasongo, Mwislamu wa mjini mwenye ulimi mkali. Yakubu alimsikiliza, akauliza kwa nini asichimbe tu mashimo ya kuingiza magurudumu. Raphaël akajibu kwamba Kabambare angechimba, lakini mama atashuka kwenye uwanja wa hospitali, na ule una saruji. Yakubu akacheka, akaleta jeki.

Springi nyingine zilikuwa mbali na mfuko wa Raphaël, kwa hiyo walipunguza zilezile. Waliegemeza gari juu ya magogo, wakafungua boliti, wakachomoa mabamba ya yule Mgiriki, na kwa pupa wakachomoa na mengine mawili kila upande. Bamba kuu, lile linaloshika gari, hawakuligusa. Gari likashuka mpaka chini ya utete. Raphaël alifurahi kabla ya wakati. Walipopakia magunia ya mchele kulijaribu, gurudumu likasugua bati la juu yake na moshi wa mpira ukatoka. Haraka haraka haina baraka, Yakubu akamwambia, kana kwamba yeye hakuwa na spana mkononi muda wote ule. Wakarudisha bamba moja kila upande, wakafunga vipande vya tairi kuukuu mahali chuma kingegonga chuma. Utete ukalingana na kikanyagio.

Ijumaa asubuhi Raphaël alisimamisha kamyoneti mbele ya mlango wa mkwewe, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba na kuugeukia ukuta. Alisikia fimbo. Alisikia mama akihema, kisha kiti cha gari kikilia. Marcelline alimwita. Alipofika, mkewe alikuwa amekaa katikati ya kiti kama ukuta kati ya mkwe na mkwe, machozi yanamtoka, anacheka.

Njia yote Raphaël aliendesha kwa mwendo wa kinyonga, gurudumu moja kwenye tuta la katikati ili tumbo la gari lisikwaruze. Lilikwaruza mara kadhaa. Kasongo walifika jua bado liko juu, na Mama Anastasie akateremka mwenyewe kwenye saruji, mguu mmoja, halafu wa pili. Raphaël alibaki ameshika mlango wa upande wake.

Mama alipiga hatua tatu kuelekea kwa wauguzi, akasimama. Hakugeuka. Alimwambia binti yake, lakini kwa sauti ya kusikika na mtu aliye mbali zaidi.

“Ambia bwana yako asipandishe tena ile motokari. Nitarudi nayo ku nyumba.”