Uvimbe wa Nira

Mimi si mtu wa kubabaishwa. Nimekagua nyama machinjioni Sumbawanga miaka mingi, na wachinjaji wenyewe wananiita Mama Usinibabaishe, kwa kuwa neno hilo haliniishi mdomoni.

Kisha akaja mkuu mpya wa machinjio na fomu yake: kila uamuzi, andika sababu, tia sahihi. Kikaoni akasema, "Nyama ikileta kesi, nitamuuliza aliyegonga muhuri." Jamani, niliogopa! Nikaanza kuangalia sahihi yangu kuliko nyama.

Alhamisi ile mjane mmoja wa Kasense alileta maksai wake wa kulima, kazeeka. Jumapili mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, ukoo mzima umealikwa, na mnyama mwingine hakuwa naye. Alipochunwa nikaona uvimbe wenye usaha shingoni, pale nira inapokaa. Nimezaliwa huku Ufipa, nimeshika plau kabla sijajua kusoma. Uvimbe ule unakatwa, nyama iliyobaki inaliwa. Nilipasua tezi zote kuangalia kama ugonjwa umeenea, zikawa safi. Lakini nikamfikiria mkuu na maswali yake, nikaandika: nyama yote haifai. Ikamwagiwa mafuta ya taa, ikafukiwa.

Mama alisimama na mabeseni yake matupu. "Pole, mama," nikamwambia.

"Ndiyo sheria, mwanangu?"

"Ndiyo sheria." Uongo mtupu!

Kesho yake mkuu akasoma fomu, akakunja uso. "Uvimbe wa nira tu, ng'ombe mzima? Tezi je?"

"Zilikuwa safi."

"Sasa?"

"Niliogopa utaniuliza."

"Si ndiyo nakuuliza! Nataka kujua ulifikiri nini. Ungeandika kwamba umekata uvimbe, tezi safi, nyama ipite, mimi ningegombana na nani?"

Nilijichukia siku nzima, na nyumbani nikawafokea watu wasio na kosa.

Jumapili nikaenda Kasense. Watu walikuwa wanakula ugali wa ulezi na maharage. Nikampigia mama shikamoo, nikamwambia mbele ya shemeji zake kwamba nyama ilikuwa nzima, ni mimi niliyeogopa. Nilitegemea matusi, na nilistahili.

Akakaa chini, akajifuta macho kwa kanga.

"Kumbe ilikuwa nzima," akasema. "Tangu Alhamisi sijalala, mwanangu. Nilidhani nusura niwalishe wajukuu zangu sumu."