Pointi Moja Juu ya Mkia

Msimamo wa ligi yetu uliandikwa kwenye ubao wa darasani uliokuwa umetupwa na shule fulani, ukapigiliwa misumari kwenye ukuta wa ukumbi wa mji, upande wa veranda, mahali mvua haikufika. Kila Jumatatu jioni mwalimu aliyekuwa refa wetu alikuja na chaki mfukoni, akafuta wiki iliyopita kwa kiganja, akaandika msimamo mpya kutoka juu kwenda chini. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, na sisi tuliokuwa chini tulimchukia kwa hilo. Timu za juu zilijua hali yao mapema zikaenda zao kucheza. Sisi tulisimama pale mpaka chaki ifike chini kabisa.

Ilikuwa ligi ya watoto, ya mpira wa kikapu, hapa Kakamega mjini, miaka ya tisini ikiwa katikati. Timu zilikuwa saba. Kila timu ilikuwa ya mtaa wake, isipokuwa moja iliyokuwa ya kanisa. Sheria ilitaka wasichana wawili wawe uwanjani muda wote, na timu yetu ilikuwa na wasichana wawili tu, kwa hiyo nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa mtu wa maana kuliko nilivyopata kuwa baadaye. Mwenzangu akipata malaria, timu nzima iliumwa.

Ukishinda unapata pointi mbili, ukishindwa hupati kitu. Timu iliyoshika mkia mwisho wa msimu ilivunjwa, kwa sababu uwanja ulikuwa mmoja, ule wa mbele ya ukumbi, na mitaa mingine ilikuwa inangoja nafasi. Watu wazima waliona hiyo ni njia nzuri ya kututia bidii. Sijui kwa nini watu wazima hudhani mtoto aliye chini hana bidii.

Baba yangu alikuwa karani wa serikali. Mwaka huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani siku hiyo, akanawa mikono, akala obusuma, ugali wa kwetu, na mboga mpaka sahani ikabaki tupu, ndipo akatuambia. Mama alimuuliza kama hakutaka kujua kwa nini yeye na si mwingine. Baba akasema hapakuwa na wa kuulizwa. Jibu hilo liliniudhi sana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikuelewa mtu anawezaje kufanyiwa vile halafu akanawa mikono akala.

Nyumba ilikuwa ya serikali, kwa hiyo ilibidi tutoke kabla ya shule kufunguliwa Mei. Kaka yake mkubwa baba alikuwa na ardhi Lugari, kipande cha shamba lililokuwa la mzungu zamani, akakubali kutumegea mahali pa kujenga. Mimi nilitaka kubaki. Mama mdogo, ndugu yake mama, alikuwa amepanga vyumba viwili Shirere na alisema ananitaka, nimalize shule ya msingi hapo hapo. Baba mkubwa hakutaka kusikia. Alikuja kwetu Jumamosi moja, akakaa sebuleni na baba, na mimi nikawa nje ya mlango nachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

“Mtoto wa msichana abaki town kufanya nini?” aliuliza. “Huku mahindi iko ya kupalilia.”

“Ako na timu,” baba akasema. “Wanamtegemea.”

Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, “Haya. Shule zikifunguliwa na hiyo timu bado iko, abaki. Kama haiko, anakuja na wenzake. Hapo umeridhika?”

Baba akasema ameridhika. Mwenye nguvu mpishe, na aliyekuwa akitoa ardhi ndiye aliyekuwa na nguvu. Lakini nilijua kwamba baba mkubwa alikuwa ameshasikia mahali tulipokuwa kwenye ule ubao, maana mji wetu ulikuwa mdogo na watu walipenda kumwambia. Na baba pia alijua tulipokuwa. Nikaona wazi kwamba baba amenitafutia njia ya heshima ya kunipeleka Lugari bila kuniambia hapana. Tangu siku hiyo sikumsemesha ila nilipoulizwa.

Tulicheza kama watu wanaofukuzwa. Tulishinda mechi mbili, moja kwa kikapu kimoja tu, ambacho si mimi niliyekifunga, lakini nilimkanyaga mguu aliyekuwa anataka kukizuia. Mechi nyingine ilikatizwa na mvua tukiwa nyuma vibaya sana. Kocha wetu, kijana aliyetengeneza redio sokoni, akasimama mbele ya refa akabishana kwamba mechi isiyofika mwisho wa robo ya tatu haina mshindi, basi kila timu ipewe pointi moja. Alibishana mpaka watu wakachoka, na ikawa sheria. Tulimbeba mabegani kuzunguka uwanja kwenye matope.

Kwa kuwa timu zilikuwa saba, kila wiki moja ilipumzika. Zamu yetu ya kupumzika iliangukia Jumapili ya mwisho. Ubao wa wiki hiyo ulituonyesha wa sita tukiwa na pointi tano. Mkiani walikuwa timu ya kanisa, pointi nne. Wakifikisha tano wangetupita, kwa sababu tulipokutana walitushinda. Sisi tulikuwa tumemaliza mechi zetu. Hata tungekuwa hodari namna gani wiki hiyo, hapakuwa na mahali pa kupeleka uhodari wetu.

Lakini hatukuogopa sana, maana timu ya kanisa ilikuwa icheze na Milimani. Milimani hawakuwa wameshindwa hata mara moja. Walikuwa na viatu vya kikapu vya kweli, na walikuwa na mipira nyumbani kwao, ya kuchezea peke yao. Kanisa wangeshindwa, na wao wenyewe walisema hivyo bila kuona haya. Tulichohitaji ni mechi ichezwe tu.

Mechi ilipangwa saa saba mchana, baada ya ibada. Mtu wa Kakamega hahitaji saa mkononi mwezi wa Aprili. Jua linawaka asubuhi mpaka nguo zinakauka, kisha baada ya saa tisa mawingu yanatoka upande wa msitu na kila mtu anajua la kufanya. Kati ya saa saba na saa tisa kulikuwa na nafasi ya kutosha.

Saa saba Milimani walikuwa uwanjani, refa alikuwa uwanjani, na kanisa hawakuonekana. Timu yetu yote ilitembea hadi kanisani tukasimama chini ya dirisha. Siku hiyo kulikuwa na wageni. Mchungaji alikuwa anawaomba wasimame kundi kwa kundi, kila kundi liseme limetoka wapi na lilete salamu. Walisimama wa Mumias. Wakasimama wa Malava, ambao walikuja na kwaya, na kwaya ikaomba kuimba wimbo mmoja, ikaimba nyimbo tatu. Mama mmoja alishika kipaza sauti akaanza kushukuru kuanzia mwaka aliookoka.

“Huyu anamalizanga lini?” mwenzangu akauliza.

“Nyamaza, uko kanisani,” kocha akamwambia.

“Siko. Niko kwa dirisha.”

Nilimwomba Mungu afupishe ibada yake mwenyewe, nikaona jinsi ombi lenyewe lilivyokuwa la kipumbavu, na nikaliomba tena. Wachezaji wa kanisa walikuwa wamekaa mstari mmoja, jezi zikionekana chini ya mashati yao ya Jumapili. Nahodha wao aliniona dirishani. Akainua mabega kidogo, kama mtu anayesema na yeye angefanya nini.

Mechi ilianza saa nane imepita. Kufikia mapumziko Milimani walikuwa wameshafunga mara tatu ya kanisa, bila kutoa jasho. Kisha akina mama wa Milimani wakaleta machungwa. Waliyakata robo robo, wakayagawa kwa timu zote mbili, wakayagawa kwa refa, wakawauliza watoto kama wameshiba. Mawingu yalikuwa tayari juu ya miti. Nilivuka uwanja nikawaambia machungwa yanaweza kuliwa baada ya mechi.

“Wewe ni msichana wa nani?” mmoja akaniuliza, kisu mkononi.

Nilikuwa natafuta jibu lenye ukali wa kutosha nilipomwona baba. Alikuwa amesimama karibu na nguzo ya taa, kavaa koti lake la kazini ingawa kazi haikuwepo tena, mwavuli umefungwa mkononi. Baba hakuwahi kuja kwenye mechi zetu. Nikajisemea amekuja kuhakikisha, ili akapakie vitu vyangu pamoja na vya wengine. Nilimwendea kwa sababu mtoto hawezi kumwona baba yake akajifanya hamwoni.

“Imebaki ngapi?” aliniuliza.

“Robo mbili. Lakini hii inayokuja ikiisha, inatosha.”

Akatazama juu. “Itaisha, mama,” akasema. Aliniita mama siku zote kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

“Hata ikinyesha, wewe huna hasara,” nikamwambia.

Hayo si maneno ya kumwambia mzazi. Nilingoja anikemee, na naona ningefurahi kukemewa. Alinipa mwavuli nishike akaendelea kutazama uwanja.

Robo ya tatu ilianza kwa upepo. Mpira ulirushwa kikapuni ukaangukia kando. Tone la kwanza nililiona kwenye saruji, doa jeusi kubwa, kisha la pili, kisha sikuweza kuona saruji. Refa aliwaacha wacheze. Nampa haki yake, aliwaacha kuliko ambavyo mtu mwingine angewaacha. Lakini uwanja wetu uliinama upande mmoja, na maji yote yalikwenda kusimama chini ya kikapu kimoja, na mtoto wa Milimani akateleza hapo na viatu vyake vya kweli akaanguka vibaya. Filimbi ikalia. Wote wakakimbilia veranda ya ukumbi.

Tulingoja. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo bila kujua nahesabu nini. Mvua ya kwetu hainyeshi kwa majaribio. Baadaye refa akatoka mlangoni na mpira kwapani, akasema kwa sauti ya mtu asiyefurahia kazi yake, “Basi, imeisha. Pointi moja kwa kila timu.”

Nilimgeukia kocha wetu. Nikamvuta mkono wa shati, nikamwambia aseme, abishane kama alivyobishana siku ile. Lakini sheria ilikuwa yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watoto wa kanisa hawakushangilia. Nahodha wao alikuja akasimama karibu nami, na nikamwambia aende mbali.

Kisha nikasikia ndoo ikianguka ndani ya ukumbi, na baba akatoka na fagio la mlinzi wa ukumbi, lile la mpini mrefu la kufagilia sakafu baada ya harusi. Alipita katikati ya watu wote waliokuwa verandani. Alishuka ngazi, akaingia kwenye mvua na koti lake na viatu vyake vya ofisini, akaenda moja kwa moja chini ya kile kikapu, akaanza kufagia maji.

Watu walidhani anachekesha. Wengine wakacheka. Alikuwa anasukuma maji kwa nguvu hadi ukingoni, yakamwagika kwenye nyasi, na alipogeuka yalikuwa yameshatelemka mengine kutoka upande wa juu. Akaanza tena.

“Mzee, wacha tu,” refa akamwita. “Tushamaliza.”

“Ngoja kidogo, mwalimu,” baba akajibu bila kuinua kichwa. “Maji inatoka. Nipe dakika kumi tu. Hawa watoto wataendelea.”

“Mzee, imeamuliwa.”

“Iliamuliwa na nani? Niambie mimi naongea na nani.”

Sikuwahi kumsikia baba akiuliza mtu swali la namna hiyo, na sauti yake ilipasuka katikati. Kicheko verandani kikaisha. Refa aliangalia mpira kwapani mwake, akaangalia mvua, akaingia ndani ya ukumbi. Baba aliendelea kufagia. Ndipo nilipoelewa kwamba alitaka nibaki. Tangu ile Jumamosi alikuwa akitaka nibaki, na ile timu ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kuweka mezani mbele ya kaka yake. Niliona aibu, na hasira yangu yote haikuwa na mahali pa kwenda.

Nikafungua mwavuli nikashuka uwanjani. Nilijaribu kumkinga lakini alikuwa anakwenda huku na huku, na mvua ilikuwa inatoka pembeni, nikawa namlowesha zaidi kwa maji yaliyotiririka kutoka mwavulini. Shati lilikuwa limeshikamana na kifua chake. Alikuwa anahema. Alinishika bega, akanisogeza taratibu hadi kwenye mstari wa kurushia adhabu, akarudi mwenyewe chini ya kikapu.

“Simama hapo, mama,” akasema. “Hapo unaona vizuri kuliko mimi. Niambie kama panakauka.”

Maji yalikuwa yamefunika vidole vya miguu yangu.

“Panakauka, baba,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kufagia.