Swichi ya Feni

Lendrova ya shirika letu ilirudi gereji yetu ya Ubungo ikitoka Njombe. Feni ya hita ilizunguka spidi ya mwisho tu. Kazi alipewa mwenzangu, mtu wa Songea, mwenye barua mbili za onyo. Ya tatu ni kufukuzwa.

Mie nikasema swichi imekufa. Akanicheka: "Wewe kila ugonjwa swichi! Umeungua waya wa kupunguza umeme, ule wa spidi ndogo."

Sikumsikiliza. Spea hazikuwepo, kwa hiyo kama tulivyozoea, nikachomoa swichi ya gari jingine bovu. Ikanivunjikia mkononi. Yeye akafungua feni, akakuta waya umekatika kweli. Akafunga kipande cha waya wa jiko la umeme, na feni ikazunguka polepole.

Jioni meneja akauliza, "Nani kavunja swichi?" Nilinyamaza. Labda nilikuwa natafuta maneno, labda niliogopa. Mpaka leo sijui. Mwenzangu alinitazama tu.

Asubuhi nikaenda kukiri. Meneja akasema, "Ungesema jana, ndugu. Kazi ilikuwa ya mwenzako, na barua yake ya tatu imeshatoka." Hakunifokea. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya.