Mbwa Aliyeinama Kuelekea Maji

Ukungu wa asubuhi bado umelala juu ya Ziwa Mweru, na mbwa Sergent ameinama mlangoni pa kliniki ya wanyama. Miguu ya mbele iko chini, kiuno kimeinuka, macho yanatazama maji. Hatoi sauti.

"Iko naomba Mungu," ananong'ona Angèle, muuza samaki wa Nchelenge mwenye mbwa huyo. Mumewe, mvuvi Constantin, alipotea ziwani mwezi uliopita. Maiti haijaonekana.

Shemeji wa Angèle, Djo, ameshika kamba na jiwe. "Docteur, huyu imbwa anaita mutu mwingine afe. Leo tunamutupa mu maji."

"Weka kwanza ile jiwe, papa Djo," anajibu Cadette Ngoie, daktari wa wanyama aliyevuka kutoka Pweto akiwa mkimbizi. "Haombi. Tumbo inamuuma."

Mbwa anatapika hata maji, wala hapati choo. Cadette anambonyeza tumbo: utumbo umejikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi. Anamfungua kinywa. Chini ya ulimi kuna uzi wa buluu wa wavu, umezama nyamani.

Djo ananyoosha mkono auvute.

"Acha! Ukivuta, unapasua matumbo!"

Wavuvi wengi hukosea hapo, anaeleza Cadette. Mkono uliozoea kuvuta wavu hauwezi kuuacha uzi ulivyo.

Kliniki yake haina mashine ya picha, anategemea vidole. Sergent akishalala kwa dawa, Cadette anafumba macho na kumwomba Mungu amshike mkono. Anaukata uzi chini ya ulimi, kisha anafungua tumbo. Utumbo ni mwekundu, haujawa mweusi. Anaupasua kidogo hapa na pale, anatoa uzi kipande kwa kipande, anashona, anaujaza maji ya chumvi kuupima. Hauvuji.

Kipande cha mwisho kina mafundo. Angèle anakitazama, anarudi nyuma hadi ukutani.

"Constantin alikuwa anafunga na mukono ya kushoto. Hii fundo ni yake. Ni ile wavu alienda nayo."

Sergent, angali usingizini, anaanza kuchezesha miguu kama anayetembea.

"Anaenda wapi?" anauliza Djo.

"Ni dawa tu," anasema Cadette, lakini sauti yake imeshuka.

Siku hizi Sergent anakula uji wa samaki, na hainami tena. Cadette anangoja kidonda kipone.

"Nikitoa nyuzi za kidonda, tutamufungulia," anasema. "Tutamufuata pembeni ya maji, pole pole. Ile wavu aliikuta fasi fulani, atatuonyesha."

Angèle ameshanunua sanda.